Kabla Hujaivua Fulana

Leo nataka tukae na suala moja tu.

Ameniandikia kijana wa miaka 21. Ni bondia wa ngumi za ridhaa, uzani wa welta, ameshachukua medali ya taifa na amewahi kuitwa kambi ya timu ya taifa. Sasa promota mmoja amemletea mkataba wa ngumi za kulipwa, pamoja na tarehe ya pambano la kwanza la raundi 6 na fedha ya kianzio ambayo kwa nyumba yao ni fedha nyingi. Mama hataki kusikia. Kocha amenuna. Promota anataka jibu Ijumaa. Kijana anataka nimjibu kwa neno moja, asaini au asisaini.

Mdogo wangu, neno moja sikupi, kwa sababu kuna swali linalotangulia hilo lako nawe hujaliuliza. Ukishasaini, nani atakuwa na mamlaka ya kukusimamisha? Namaanisha mtu mwenye jina na namba ya simu, ambaye siku mwili wako umekataa na moyo wako bado unataka, atasema leo hupigani, au atapanda ngazi za ulingo na kusema imetosha, na neno lake litafuatwa. Kama huna mtu huyo, hujawa tayari kusaini, hata ukiwekewa mezani milioni ngapi.

Ngoja nikueleze kwa nini naanzia hapo.

Ukiwa ngumi za ridhaa unalindwa na watu wengi ambao pengine huwatambui. Mpinzani wako unampata kwa droo, hachaguliwi na mtu mwenye tiketi za kuuza. Daktari anakupima kabla ya pambano. Raundi ni 3 za dakika 3, umemaliza. Glavu ni nene, aunzi 10 au 12. Mwamuzi akiona umetikisika anakuhesabia ingawa umesimama, na akikuhesabia mara kadhaa anamaliza pambano bila kumuuliza mtu. Ukipoteza, Jumatatu unarudi mazoezini na wenzako. Na kama uko timu ya Magereza, Polisi au Jeshi, mshahara unaingia, umeshinda au umepigwa.

Siku unaivua fulana ya ridhaa, ulinzi huo wote unabaki kule ulikotoka, na kila kipande chake inabidi ukitafute mwenyewe. Raundi zinakuwa 4, 6, 8, 10, mpaka 12 za ubingwa. Glavu za uzani wako zinashuka hadi aunzi 8. Mpinzani anatafutwa na mtu anayepanga usiku mzima wa mapambano, na mtu huyo ana hesabu zake: nani anajaza ukumbi, nani anapandishwa, nani ameletwa ili apigwe. Usipojua wewe uko kundi gani, jua kuna mtu ameshakupangia. Halafu angalia nani anamlipa nani. Kama promota, meneja na mwenye gym ni mtu yuleyule, basi katika chumba chote hicho hakuna atakayepata hasara ukipanda ulingoni mgonjwa, isipokuwa wewe na mama yako.

Sasa nikusimulie habari za Robert Wangila. Vijana wengi wa umri wako mnalijua jina tu, na wengine hata jina hamlijui, jambo ambalo linaniuma.

Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na Wangila akachukua dhahabu mbele ya watu wake, akiwa na kile kikosi cha Kenya kilichoitwa Hit Squad. Mwaka uliofuata wakaenda Olimpiki ya Seoul. Mwenzake Chris Sande akarudi na shaba ya uzani wa kati. Wangila alifika fainali ya welta, akakutana na Mfaransa Laurent Boudouani, akamwangusha kwa KO raundi ya 2. Alikuwa na miaka 21, umri wako huohuo na uzani wako huohuo. Hadi leo hii, pamoja na dhahabu zote ambazo Wakenya wamezichukua kwa kukimbia, ile ya Wangila ndiyo dhahabu yao pekee ya Olimpiki nje ya riadha. Mtoto wa Nairobi aliyefanya jambo ambalo hakuna bondia wa Afrika Mashariki aliyelirudia.

Mwaka 1989 akaingia ngumi za kulipwa, akafanya kazi yake Marekani. Alikuwa na mkono mzito, na rekodi yake ilifika ushindi 22 na kupoteza 5. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni rekodi nzuri. Kwa bingwa wa Olimpiki anayepigana Marekani, kila pambano analopoteza linampunguzia thamani, na mkanda wa dunia hakuupata. Ndivyo biashara ile ilivyo: medali inakufungulia mlango siku ya kwanza, na baada ya hapo watu wanakuuliza pambano lako la mwisho lilikwendaje.

Usiku wa tarehe 22 Julai 1994 alipigana na David Gonzalez mjini Las Vegas. Raundi ya 9 mwamuzi Joe Cortez akaona inatosha, akaingia katikati na kumaliza pambano. Wangila akakasirika. Alipinga uamuzi ule palepale ulingoni, akiwa wima kwa miguu yake, akitaka kuendelea. Muda si mrefu, akiwa chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa kichwa kuondoa damu iliyokuwa imevujia ndani, na tarehe 24 akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Nakuomba urudi kwenye ile sehemu ya kupinga. Mtu anayevuja damu kichwani anaweza kuwa amesimama, anaongea, anamlalamikia mwamuzi, na anaamini kabisa kwamba yuko sawa. Damu inajikusanya taratibu, inakandamiza ubongo, na yeye hana habari. Kwa hiyo usiniambie, "Dada, mimi najijua." Hujijui. Hakuna anayejijua saa ile, na kadiri bondia anavyokuwa jasiri ndivyo anavyokuwa shahidi mbaya zaidi wa hali yake mwenyewe. Wangila alikuwa jasiri kuliko sisi sote. Ndiyo maana nakutaka uchague leo, ukiwa na akili zako timamu na tumbo limeshiba, mtu atakayeamua kwa niaba yako usiku ule, na uahidi mbele ya mama yako kwamba hutambishia.

Na yule Mfaransa aliyeanguka Seoul? Naye aliingia ngumi za kulipwa mwaka uleule wa 1989, akajengeka zaidi kwao Ulaya, polepole, na mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa WBA wa uzani wa kati mwepesi, akaushikilia mkanda hadi 1999. Ulikuwa mwaka wa nane tangu ile fainali. Sikwambii haya ili tuwalinganishe nani alikuwa na akili kuliko mwenzake, maana mmoja hayupo na hawezi kujitetea. Nakwambia kwa sababu promota wako amekuonyesha medali yako kama vile ni hati ya nyumba. Siku ile Seoul, nani angetabiri?

Kaka yetu wa Uganda, Ayub Kalule, anafaa kukufundisha upande mwingine wa jambo hili. Alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1974, mashindano yaliyofanyika Havana. Akahamia Denmark, akaanza kulipwa mwaka 1976, na mkanda wa dunia hakuupigania kesho yake. Aliuchukua Oktoba 1979, Japani, kwa kumshinda Masashi Kudo kwenye nchi yake. Mpaka anapigwa kwa mara ya kwanza, na aliyempiga alikuwa Sugar Ray Leonard, Houston, mwaka 1981, alikuwa ameshapigana mara 36 bila kupoteza. Bondia hajengwi kwa pambano moja la kujaza ukumbi. Anajengwa kama ukuta wa matofali, unapanga mstari, unasubiri ukauke, ndipo unapanga mwingine. Leo mpinzani mrefu, kesho wa mkono wa kushoto, keshokutwa mkongwe mjanja asiyeanguka ambaye atakulazimisha kufikiri. Muulize promota wako mapambano yako matano ya kwanza atakupangia watu wa namna gani. Asipokuwa na jibu hata la kubuni, hana mpango na wewe, ana tarehe ya ukumbi tu.

Raundi 6 kwa kuanzia peke yake hainitishi sana. Muhammad Ali mwenyewe, dhahabu ya Roma ikiwa bado mpya shingoni, alianza na raundi 6 kwao Louisville mwezi Oktoba 1960. Ninachotaka kujua ni kama umeshawahi kupiga sparingi ya raundi 8 nzuri mazoezini, pumzi ikabaki. Ridhaa imekufundisha kutoa kila ulicho nacho ndani ya dakika 9. Ukifanya hivyo kwenye raundi 6, raundi ya 4 utakuwa umesimama tu, na mtu wa kulipwa akikuona umesimama hana huruma.

Kwa kuwa nimemtaja Ali, nikupe na la fedha zake. Alikuwa na miaka 18 alipojifunga na kundi la wafanyabiashara 11 wa mji wake. Katika mkataba ule kulikuwa na kifungu kwamba asilimia 15 ya mapato yake iwekwe kwenye mfuko asioweza kuugusa mpaka afike miaka 35 au astaafu. Fikiria, mkataba wa mwaka 1960 ulimkumbuka kijana uzeeni kabla hajapata hata pambano la pili. Mkataba wako una kifungu kama hicho? Najua hauna. Basi kiweke mwenyewe: siku unalipwa, kabla hujanunua chochote, sehemu fulani iende akaunti ambayo wewe na mtu mwingine mnasaini pamoja.

Nilishawahi kukaa mezani na kijana mwingine tukisoma mkataba wake. Kurasa chache, Kiingereza kigumu, sahihi yake ilikuwa imeshawekewa alama ya penseli mahali pa kutia. Tulienda mstari kwa mstari, kamusi pembeni, chai ikapoa. Ukurasa wa pili tukakuta kwamba promota ana haki naye kwa miaka 5 au mapambano 10, lolote litakalochelewa kukamilika. Hebu litafakari hilo. Miaka mitano ikiisha, na promota amempa mapambano manne tu, kijana bado ni wake, na ataendelea kuwa wake hadi siku promota atakapoamua kumpa hayo sita yaliyobaki. Anaweza kumweka benchi mpaka nguvu zimwishe, bila kuvunja hata nukta ya mkataba. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, nauli, kambi, chakula, vipimo vya afya na vifaa vyote vitakatwa kwenye malipo ya bondia. Kijana alihesabu kwa simu yake, akanyamaza. Dau lililomfurahisha wiki nzima lilibaki nauli ya daladala na kuku wawili.

Wapo mapromota waungwana, wanaolipa siku ileile na wanaokaa hospitali na bondia wao mpaka asubuhi, na bila wao ngumi zetu zingekuwa zimekufa. Huyo wako akiwa mmoja wao hatakasirika ukimwambia mkataba unaupeleka kwa mwanasheria kwanza, kisha uende na nakala kwa kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa nchini ili ijulikane umejifunga na nani. Marekani walitunga hadi sheria mwaka 2000, wakaipa jina la Ali, na moja ya mambo iliyoyagusa ni hili la promota kuwa pia meneja wa bondia huyohuyo. Walilazimika kuitunga kwa sababu ya waliyoyaona.

Kuna simu nyingine itakuja ukishaanza kujulikana. Bondia fulani wa Ulaya, mpinzani wake ameumia, pambano ni baada ya siku chache, wewe una pasipoti? Mwaka 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipata nafasi ya namna hiyo, akaenda Birmingham, na tarehe 8 Septemba akamsimamisha Sam Eggington raundi ya 2, mbele ya watu wa Eggington mwenyewe. Nchi nzima tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Lakini Mwakinyo alishinda. Wapo wengi wanaoitwa hivyohivyo, wanaenda bila kambi, wanapunguza kilo ndani ya siku tatu, wanapigwa, wanarudi na bahasha na maumivu ya kichwa, na uwanja wa ndege hakuna kamera ya mtu. Ukiitwa, neno la mwisho liwe la yule mtu wako wa kukusimamisha. Yeye ndiye anayejua ulikuwa mazoezini kweli au ulikuwa na malaria.

Na hizo kilo, mdogo wangu! Kwenye ngumi za kulipwa mnapima uzito siku moja kabla, kwa hiyo vijana wanajidanganya kwamba wana usiku mzima wa kurudisha maji. Nimewaona wakikimbia jua la saa nane na koti la nailoni juu ya sweta, midomo imepasuka, wanatema mate kwenye chupa ili mizani ishuke. Mwili uliokaushwa namna hiyo haujarudi sawa kesho yake, na kichwa kilichokaushwa hakivumilii ngumi. Kama welta unaifikia kwa mateso, panda uzani. Kocha mwenye akili atakwambia hivyo kabla yangu.

Kazi yako, kama unayo, usiiache kwa sababu ya pambano moja. Omba ruhusa, badilishana zamu, fanya unavyoweza. Bondia mwenye mshahara mdogo anaweza kukataa pambano baya. Asiye na kitu atakubali lolote, na watu wa mchezo huu wanajua harufu ya asiye na kitu.

Wasichana wanaopigana, msidhani nimewasahau. Olimpiki iliwafungulia mlango mwaka 2012 tu, na kwenye kulipwa raundi zenu kwa kawaida ni za dakika 2, dau ni dogo zaidi na mapambano ni machache, kwa hiyo ukipewa mkataba mbaya utakubana kuliko kaka yako. Mkumbuke Conjestina Achieng wa Kenya, ambaye miaka ya 2000 alikuwa jina la kila nyumba. Aliugua akili kwa miaka mingi, na mzigo mkubwa uliwabakia ndugu zake, wakati mashabiki tulikuwa tumeshahamia kwa nyota mwingine. Kabla ya kusaini ulizeni bima ya afya inaishia siku gani. Mara nyingi, kama ipo, inaishia usiku uleule wa pambano.

Mama wa kijana huyu, najua utasomewa. Mama yangu, shikamoo. Sitakwambia umruhusu wala umkataze, ni mtu mzima na kipaji chake ni cha kweli. Nakuomba vitu viwili. Cha kwanza, akitoka kwenye pambano asipande basi la usiku kurudi nyumbani, na asilale peke yake. Alale mahali penye mtu wa kumwamsha. Kichwa kikimuuma na kikazidi, akitapika, akiongea kama aliyelewa, akiuliza jambo lilelile mara tatu, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au usingizi ukiwa mzito hata haamki vizuri, usimpe dawa ya maumivu ukasubiri kukuche. Apelekwe hospitali yenye kipimo cha CT scan usiku huohuo, hata kama ameshinda. Hasa kama ameshinda, maana nyumba yenye sherehe haioni mgonjwa. Cha pili, miezi na miaka ikienda, wewe ndiye utakayeona kwanza kama amebadilika: hasira zisizo zake, kusahau majina, mikono kutetemeka akishika kikombe. Ukiona, sema kwa sauti, na umwambie yule mtu wa kona yake.

Basi, mdogo wangu, Ijumaa hii usisaini. Mwambie promota kwa heshima kwamba unahitaji wiki mbili, na umuulize ana kwa ana daktari wa pambano ni nani, mpinzani ni nani na amepigana mara ngapi, na makato ni yapi. Kocha aliyenuna mfuate kesho alfajiri kabla wenzako hawajafika gym. Yeye ndiye aliyekufunga bandeji mikononi tangu ukiwa mtoto, na sidhani kama hasira yake ni ya wivu. Muulize kama atakubali kusimama kwenye kona yako ukiwa bondia wa kulipwa, kwa asilimia ngapi, na kama ana ubavu wa kurusha taulo huku wewe unamlilia asirushe. Akikujibu ndiyo, yaandikeni hayo kwenye karatasi na mama awe shahidi, kisha niletee ule mkataba, nitausoma na wewe kuanzia ukurasa wa mwisho.